Mkwe Mwenye Kisirani

Jumamosi, 31 Agosti

Msimu umeanza. Alabama nzima imevaa rangi za timu. Asiyevaa ni mgeni au marehemu. Kwa mama mkwe, Mama Verna, nimekuta mabawa ya kuku, chai baridi tamu kama dhambi, na ukoo mzima wa Tolliver umevaa njano. Timu yetu ni Nyigu wa Chuo cha Calloway. "Yetu"! Hakuna Tolliver hata mmoja aliyesoma Calloway. Shemeji yangu Royce hata sekondari aliiaga njiani.

Mimi mtazamaji wa pembeni tu. Mpira wa miguu wa Kimarekani, unaochezwa kwa mikono — ukiwepo sawa, usipokuwepo sawa. Nilikaa karibu na baba mkwe, Bwana Alton. Tangu kiharusi cha Juni hajatamka neno. Macho tu ndiyo yanayokimbia na mpira kwenye runinga.

Nilipokwenda chooni, Nyigu wakapata pointi sita. Niliporudi, wakapoteza mpira. Royce akanitazama. Sikuelewa — mjinga mimi.

Jumamosi, 14 Septemba

Royce ana daftari! Mtu ambaye hata kadi ya krismasi huandikiwa na mkewe! Anaandika dakika nilizokaa sebuleni na pointi tulizofungwa.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Lakini una kisirani."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Nikamtazama mume wangu, Wendell. Ghafla soksi zake zilikuwa na mambo mengi ya kutazamwa.

Mama Verna anafundisha Shule ya Jumapili mwaka wa thelathini huu. Akasema sisi Wabatisti hatuamini ushirikina, mwanangu, hata chembe. Basi kaa barazani kidogo tuone.

Tumeshinda. Balaa.

Jumapili, 13 Oktoba

Barazani hakukutosha — eti kisirani kinapenya dirishani. Jana wamenihamishia chumba cha kufulia, nyuma ya jikoni, mlango umefungwa. Chakula nagongewa kama mfungwa. Mabawa manne, moja limeshang'atwa. Nayajua yale meno. Ni ya Royce.

Na Nyigu hawajashindwa tangu nifukuzwe sebuleni! Leo kanisani mchungaji amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanishukuru kwa "huduma yangu". Miaka sita naimba kwaya yake, hajawahi.

Wendell anasema ni utani tu, mpenzi. Utani gani huo usio na mtu anayecheka?

Jumatano, 16 Oktoba

Jumatano ni siku yangu na Bwana Alton. Mazoezi ya maneno: kijiko, maji, mlango. Anakaza midomo mpaka jasho linamtoka. Leo kapata "m—" halafu basi. Nikalia, naye akanifuta machozi kwa mkono wake mzima. Nikamwambia: Baba, nyumba hii ina wanaume watatu, na wewe usiyesema ndiye pekee mwenye la maana.

Mdomo ukapinda. Alikuwa anacheka!

Jumamosi, 16 Novemba

Fupi leo. Aibu. Nimepeleka mto wangu chumba cha kufulia. Na redio ndogo. Hakuna aliyeniomba.

Jumamosi, 30 Novemba

Haddon leo. Mahasimu wetu. Naandikia juu ya mashine ya kufulia, mwandiko unacheza.

Robo ya tatu nilishusha mguu kutoka kwenye kikapu cha nguo — Haddon wakavuka mstari na kufunga. Nimeurudisha. Umekufa ganzi. Sishushi tena!

Haddon 21, Nyigu 20. Zimebaki sekunde nne. Kijana wetu apige mpira upite kati ya nguzo, pointi tatu, ushindi. Yadi arobaini na saba! Haddon wameomba mapumziko ili wamtie kiwewe. Kimenipata mimi.

Mlango unagongwa. Wendell.

"Coralee, fungua! Baba anakuita."

Nikauliza anataka nini.

"Hujanielewa. Anakuita — kwa mdomo! Amesema Cora. Mara mbili! Njoo upesi, Mama analia."

Nyuma yake namsikia Royce: "Asitoke! Shemeji, usithubutu, ngoja apige kwanza!"

Halafu, nyuma ya kuta mbili, sauti nzito, imepinda upande: "Co-ra."

Mungu wangu. Miezi mitano.

Redio inasema wamejipanga. Upepo unavuma kutoka kushoto.

"Coralee?" Wendell anatikisa kitasa. Nimemwambia sekunde nne tu. Mwambie sekunde nne.

"Co-ra."

Mguu bado uko juu ya kikapu. Nimeshika komeo. Nimelishika lisifunguke.