Silinda ya Marehemu Yusuf

Garissa

Baba mpendwa,

Shikamoo, na umfikishie Mama shikamoo yake. Natumai goti lako limepata nafuu na baridi ya Wundanyi haijalichokoza tena. Mimi ni mzima, ila jua la huku linanikaanga bila mafuta. Ningekutumia sauti kwa simu, lakini habari za injini najua unapenda kuzisoma ukiwa na miwani, upate mahali pa kubishana nami.

Kazi yangu unaijua: alfajiri napakia maziwa ya ngamia kwenye pikipiki huko Bura, nayaleta mjini kwa Mama Halima anayeyauza, kabla hayajachacha. Mwezi uliopita maziwa yalizidi, nikafunga mtungi mmoja mbele ya injini. Ndiyo, Baba, palepale upepo unapopita kupoza silinda. Nitukane tu, nimekaa tayari. Njiani pistoni ilipata moto ikakwama, na maziwa yote yakaharibika. Mama Halima hakunigombeza. Alisema tu kwamba wanawake wa Bura wanaokamua hawawezi kungoja, na wiki ikiisha sina pikipiki, njia ile atampa mwingine. Niliogopa sana, maana sina kazi nyingine huku.

Nikaisukuma hadi kwa Abdirashid, fundi wa karibu na soko la mifugo. Silinda ilikuwa imechubuka vibaya ndani, na ya aina yake haikupatikana mjini. Hakubabaika. Wasomali hufundisha watoto wao kutaja babu zao mmoja baada ya mwingine hadi mbali kabisa, naye injini huzitajia ukoo vivyo hivyo.

“Jina ya tanki ni nguo tu,” aliniambia. “Hii yako na ile kubwa ya Yusuf ni ya nyanya moja, walaal, ndugu yangu. Bini ya bistoni ni moja, boliti ni moja. Inaweza kukopeshana.” (Alimaanisha pini ya pistoni, Baba.)

Nikamwambia kwamba baba yangu, fundi wa Taita, husema nguo ya kuazima haisitiri matako. (Mama akiuliza, sema ni mimi niliyeandika.)

Akacheka. “Ambia mzee, kama ni ya ndugu, inasitiri.”

Kumbe Yusuf alikuwa mdogo wake, aliyefariki kwa homa. Pikipiki yake ilibaki chini ya turubai kwa mama yao, na mama alikataa hata isiguswe. Tukaenda kumwomba. Nilikaa mkekani nimeinamisha kichwa, Abdirashid akaeleza kwa Kisomali. Mama yao akanigeukia.

“Wewe nabeba nini?”

“Maziwa, Hooyo,” nikajibu, maana ndivyo huku wanavyomwita mama.

“Ya Bura?”

“Ya Bura.”

Akainuka akaondoa turubai kwa mkono wake mwenyewe. “Chukua. Maziwa isiharibike tena.”

Baba, laiti ungekuwepo siku ya kazi! Pini ya pistoni ya Yusuf iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, boliti zikakaa kwenye matundu yake. Shida ilikuwa shingo ya silinda ya Yusuf, nene kuliko mdomo wa injini yangu. Abdirashid aliziba ndani ya injini kwa kitambaa, akapiga mdomo ule tupa taratibu pande zote, anafuta, anajaribu, anarudia, hadi silinda ikashuka yenyewe. Akafunga juu kwa hedi ya Yusuf, kifuniko cha silinda, kwa kuwa pistoni yake ni pana kuliko yangu. Nyundo hakuigusa. Mafundi hodari nimewaona, wewe ukiwa wa kwanza, lakini mikono ile niliihusudu waziwazi.

Ikawaka. Bado naiendesha polepole ringi zizoeane na silinda, na mbele ya injini sifungi hata kamba. Njia ya Bura ni yangu.

Nisalimie shangazi Mghoi na cherehani yake, na mdogo wangu anayelalia kitanda changu bila ruhusa. Mwambie babu mchungaji aniombee mvua.

Nilidhani nimemaliza, lakini hili nalo lazima nikuambie. Jana nilimpelekea Hooyo maziwa. Akaniambia nisizime injini. Akachuchumaa kando ya pikipiki, akagusa silinda kwa ncha za vidole.

“Hooyo, ni moto, itakuunguza!”

“Wacha,” akasema. “Imekaa baridi siku mingi.”

Mwanao akupendaye,
Mwakio