Ami Waziri na Dishi la Jirani

Twaiba, weka hiyo sufuria chini usome. Ami Waziri leo katuvua nguo Msambweni nzima!

Si unajua tangu awekewe intaneti pale sebuleni, runinga yake inakatakata picha kila habari zikianza? Basi moyoni mwake mchawi akawa dishi la intaneti la jirani yake, Alamin. Akamnunia, hata salamu haitikii. Ami, mtu wa safu ya mbele msikitini!

Leo baada ya alasiri uvumilivu ukamwisha. Akamfuata Alamin barazani kwake, watu wamejaa wanakunywa kahawa. "Zima dudu lako, linanilia picha!"

Alamin na adabu zake: "Shikamoo, mzee. Hilo ni bovu tangu Ramadhani. Panya walikula waya."

Bovu, Twaiba! Tangu Ramadhani!

Ami akarudi nyumbani mdogoo, Alamin nyuma yake aje kumsaidia. Kando ya runinga, Alamin akafunua kitambaa cha kufuma cha Bi Mbeyu, mke wa Ami. Chini yake, kisanduku cha intaneti cha Ami mwenyewe, kimezungushiwa waya wa antena ili papendeze! "Hivi havikai pamoja, mzee. Chomoa hiki tuone."

Ami akachomoa. Picha ikatulia tuli.

Papo hapo watoto wa Alamin wakapiga kelele ng'ambo ya ua: "Baba! Intaneti imekatika!"

Ami akageuka polepole. "Nani kawapa paswodi yangu?"

Alamin akamtazama Bi Mbeyu. Bi Mbeyu akainuka mbio, eti wali unaungua.

Twaiba, jikoni hakukuwa na moto.