Divai ya Miaka Miwili, Mnazi wa Asubuhi

Shumaisi, Riyadh

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Mke wangu Kadzo ameniambia bado unapanda minazi na goti hilo hilo bovu, nikakosa raha siku nzima. Mama je, kifua kimepoa? Mimi mwili ni mzima, ila roho iko Kaloleni tangu nilipotoka.

Barua hii anakuletea dada Mwanaisha, mfanyakazi wa nyumbani kule Al-Safa, Jeddah, ambaye mkataba wake umeisha na anarudi kwao Likoni kupitia hapa Riyadh. Nimeandika kwa sababu kwenye simu uliniambia, "Ongeza mwaka, mwanangu," nami nikaitikia tu. Kukubishia kwa mdomo siwezi.

Mwezi uliopita, tukitoka Olaya, bosi wangu, yule Mhispania mhandisi wa reli, aliniambia, "Katana, unatimiza miaka miwili. Sasa wewe ni Crianza! Saini mwaka mmoja tena uwe Reserva." Nikadhani ni vyeo. Nikajitapa kwa madereva wenzangu hapa Shumaisi, na mpaka leo wananiita Mkuu Crianza. Kumbe ni divai!

Juzi nilipompeleka Jeddah ndipo akanieleza. Njia ni ndefu, jangwa tupu, na yeye alikuwa amepakumbuka kwao. Divai huku mafi, yaani hakuna, ni haramu, basi anainywa kwa maneno. Kwao, Baba, divai nyekundu hupangwa kwa umri. Changa huuzwa bila kukawizwa. Crianza hungoja miaka miwili, sehemu yake ndani ya pipa la mti wa mwaloni. Reserva mitatu, mmoja wake pipani. Gran Reserva hungoja mitano, na hiyo hutengenezwa mavuno yakiwa mazuri hasa. Tena kuna ngazi ya mahali: divai ya mezani tu haisemi kwao ni wapi, lakini zile za daraja la juu huandikwa jina la kwao kwenye chupa, na lipo baraza la kuzikagua. Nikaikumbuka ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, mfukoni: dereva, Mkenya. Kaloleni haimo. Nilicheka, kisha nikasikia vibaya.

Nikamwambia baba yangu ni mgema. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, kesho kutwa ni siki.

"Siku mbili tu?" akashangaa.

"Siku mbili, bosi. Sisi hatuna Reserva."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilikusifu sana, lakini nisiendelee, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Halafu nikamuuliza hilo neno Crianza lina maana gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni kulea. Malezi." Nikaendesha moja kwa moja mpaka kituo cha mafuta.

Sidi alikuwa na miezi mitatu nilipoondoka. Wiki iliyopita Kadzo alimpa simu, nikamsikia mwanangu akiuliza, "Ni yule anko wa simu?" Anayemwita baba ni wewe. Sikulaumu, umemlea vizuri. Lakini nakuonea wivu, Baba, nasema wazi, na nimelia. Miaka miwili ya malezi imepita na mimi sikuwamo. Mwaka wa tatu sitaki unipite.

Tulipofika Jeddah nilimwambia bosi: halas, imetosha, sitasaini. Akanipa mkono, akasema na yeye ana binti anayemwona kwenye simu. Najua ulitaka nyumba iezekwe mabati kabla sijarudi. Nisamehe. Nyumba inaweza kungoja, Sidi anakua kila siku. Nitatafuta gari la kuendesha huko huko nyumbani, na tikiti ya kurudi ni mwezi ujao.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya kifua anayo Mwanaisha. Msalimie shangazi, yule muuza mboga, na fundi wetu wa nyumba, mwambie kuta zake nakuja kuzikagua. Kadzo mke wangu mwambie sina maneno, nina hamu tu.

Siku nikifika, usipande mnazi. Nitapanda mwenyewe, tunywe wa asubuhi hiyo hiyo. Na Sidi akiniita anko, tafadhali usimkosoe. Hiyo niachie mimi.

Mwanao anayerudi,
Katana