Funguo Zote kwa Katibu

Manundu, Jumatano. Mawingu yameziba milima, joto halijapungua, na mimi nimechukia.

Leo kamati yetu, sisi tuliotolewa Kwamsisi miaka mingi iliyopita, imechagua namna ya kufunga ujumbe wa kundi letu la simu ili usomwe na mtumaji na mpokeaji tu. Mfumo wetu ni huria, haumilikiwi na kampuni moja, kwa hiyo uamuzi ni wetu. Njia ya kwanza hubadilisha ufunguo kila ujumbe: atakayeiba wa leo hafungui ujumbe wa jana. Ubaya wake, ukinunua simu mpya, ujumbe wa nyuma huuoni. Njia ya pili humpa kila mtu ufunguo mmoja wa kudumu. Ukivuja, umevuja ujumbe wa miaka yote.

Nilieleza hayo taratibu. Katibu, mwalimu mstaafu, alipiga miayo.

"Mzee Mhina, umesoma mpaka umekuwa mwoga! Simu zetu hazimalizi mwaka. Tuchukue wa kudumu, na funguo nitawatunzia mimi."

"Zote?"

"Zote, humu kwenye simu yangu. Neno la siri nimeweka jina la Kwamsisi. Nani atasahau?"

Wakapiga makofi. Watu wazima.

Najua wazo hilo lilikotoka. Kijijini, tukienda mashamba ya mbali, nyumba zote ziliacha funguo kwa jirani mmoja. Ndiyo ilikuwa adabu. Lakini jirani yule alishinda barazani kwake. Simu ya katibu hushinda dukani ikichajiwa, kila mpita njia akiishika. Na neno la siri lenyewe ni jina ambalo waliotufukuza wanalijua kuliko wajukuu zetu.

Kwenye ujumbe huo yumo dada yangu Mwanaisha. Ndiye pekee aliyebaki kule, ua kwa ua na waliochukua mashamba yetu, na ndiye anayetuandikia makaburi yako wapi na mpaka ulipita wapi. Wakilijua hilo, hata kile kipande cha shamba la mihogo walichomwachia watakichukua.

Nawadharau wanakamati wenzangu wote kumi na mmoja.

Ila kura ilipopigwa, mikono yote ilikuwa juu, nikaona haya kubaki peke yangu. Nikanyoosha na wangu.

Asubuhi napanda basi la Handeni, kisha bodaboda mpaka Kwamsisi. Nitamwambia Mwanaisha uso kwa uso asiandike tena neno.

Ataniuliza nani aliyekubali upuuzi huu. Nitamjibu nini?