Mkono Uliopandisha Bei Wenyewe

Shemeji yangu Abdi,

Dada yako Halima amenikataza kukuandikia. Anasema marehemu haletewi barua. Nimemwambia hata ulipokuwa hai hukujua kusoma, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hakina herufi, na hayo madarasa yangu matatu yalikuwa ya Kiswahili. Vumilia tu.

Leo sokoni nimeona madalali wawili wameshikana mikono chini ya shuka, nikacheka peke yangu mpaka mwanajeshi akaniangalia vibaya. Nilikukumbuka wewe na yule mzee wa Hulugho.

Ulikuwa dalali wa ngamia wa kuogopwa. Mikono imefunikwa, vidole vinaongea, kila ukibana bei inapanda, na uso umekaa kama hauna habari. Siku hiyo mzee, mwenye ngamia, alikushika kwa nguvu, akakunja kiganja chako kwa nyuma. Mkono ukaanza: tup, tup, tup, tup. Mzee akatoa macho. Kila tup, bei juu. Wewe umetulia kama uko msikitini, jasho linakutoka. Mzee akachomoa mkono haraka kabla hujabadilisha nia. "Wallahi nimekubali, ngamia ni wako."

Ngamia mwenyewe alikuwa na jicho moja, na hilo moja nalo lilikuwa la kubahatisha.

Nikakuuliza, "Shemeji, umerukwa na akili?"

"Si mimi. Ni mkono."

"Basi mkono ulipe."

Haikupita siku nyingi, mguu nao ukajiunga. Wenzako wakasema ni jini, wanawake wakataka uchezewe ngoma, unukizwe ubani. Mimi nikasema kama ni jini, basi halijui biashara.

Halafu kile kizuizi cha barabara. Vita ya serikali na shifta, wale waasi wa msituni, imepamba moto, wanajeshi wametuchuchumaza wote kwa mstari. Umechuchumaa juu ya vidole vya miguu, kisigino chako kikaanza kugonga juu chini, juu chini, kama cherehani. Askari akaja mbio.

"Wewe, mbona unatetemeka? Bunduki umeficha wapi?"

"Sitetemeki."

"Si naona."

"Unaona mguu. Mimi niko huku juu."

Nilijua wanakufunga. Nikasema, "Afande, mwambie anyooshe mguu." Ukaunyoosha, mguu ukatulia. Akausukuma unyayo juu, ukaanza tena. Afande akarudia, akarudia, akaita mwenzake aje aone. Mwishowe walikuwa watano, wote wamesahau kushika doria, ndipo wakamwita daktari wao.

Yule kijana hakucheka. Alikulaza, akakunja unyayo ghafla, akauachilia, akapima na mkono pia. "Hii si hofu," akasema. "Mwenye hofu hutetemeka hata usipomgusa. Huyu, msuli wake ukivutwa unajikaza, unaachia, unajikaza tena, kwa mdundo mmoja. Kuna amri ya kuutuliza, inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni. Hapo njiani kuna kitu kimebana. Uliwahi kuanguka?"

"Hapana," ukasema.

"Alianguka kutoka juu ya ngamia," nikasema mimi.

Uliniangalia kama nimekuuza. Sisi ngamia tunampakia mizigo, hatumpandi. Lakini wewe ulitaka kumwonyesha mchinjaji wa bara aliyekuja kununua kwamba ngamia ni mpole. Ulishukia shingo.

Daktari akasema usipotibiwa hutatembea tena. Akakuandikia ruhusa ya kuvuka daraja la mto uende hospitali kubwa ng'ambo. Ukakataa katakata. "Nikivuka mto sasa, watasema Abdi amekimbia kwa woga." Nilikubembeleza, masheikh walikubembeleza. Halima alisema neno moja tu:

"Usipoenda, nitaliambia soko lote kwamba ulipanda ngamia."

Asubuhi yake ulikuwa juu ya lori, umefunga mzigo wako.

Shemeji, shingo waliitengeneza, tuliambiwa. Homa ya mapafu ndiyo iliyokumaliza hukohuko wodini, na sisi huku hatukupewa ruhusa ya kuja kukuzika. Na siku hizi nikiona mtu anatetemeka kizuizini, siharakishi kumwita mwoga, wala shifta. Namwangalia miguu kwanza.

Lakini ninayoibeba zaidi ni ile asubuhi darajani. Lori linaondoka, wewe umekasirika, hutaki hata kutuaga. Umeegemeza kiganja kwenye ubao wa nyuma. Lori likaruka shimo, kiganja kikakunjika, mkono ukaanza kupiga. Watoto wakadhani unapunga, wakakupungia. Askari wa daraja naye akapunga. Halima akalia, akapunga kwa mikono miwili. Ukautazama mkono wako kwa hasira, halafu ukatutazama sisi, na ukauacha uendelee.

Mpaka leo sijui ni kwaheri ngapi zilikuwa zako na ngapi za msuli. Tulizipokea zote.

Mungu akulaze mahali pa baridi, mtu wangu.

Ni mimi,
mume wa dada yako, yule aliyekuuza