Majina ya Watu kwenye Picha za Baba

S.L.P. 27,
Lushoto.
6 Agosti, 2006

Mpendwa Kaka Emanueli,

Shikamoo. Habari za Mwanza, na kifua chako kinaendeleaje? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imemkamata Mama magoti.

Kaka, kazi ya picha za Baba niliimaliza mwezi wa tatu. Picha elfu tatu na mia moja, nilizipitisha kwenye skana moja moja, kisha kila moja nikaiandika kwenye orodha ya kompyuta: namba, mahali, ni nani na ni mtoto wa nani. Miaka miwili, kila nikitoka shuleni.

Pasaka akaja wifi Secilia, mke wa Yohane, na diski yake ya kubebea kutoka Dar. Akasema, "Wifi, kitu kama hiki hakikai mahali pamoja. Nikunakilie." Kabla ya chakula cha mchana picha zote zilikuwa humo. Mama akamsifu mbele za wageni, eti Secilia ameziokoa picha za marehemu. Mimi kwa miaka yote miwili sikuambiwa hata pole.

Basi orodha nikamnyima. Nilimwambia haijakamilika. Ilikuwa imekamilika, kaka.

Mwezi wa tano umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikaungua. Fundi akaifungua, akasema hakuna cha kutoa humo. Picha zipo kwa Secilia. Majina yamekwenda.

Secilia alikuja mwenyewe, akakaa likizo yake yote. Mimi nataja, yeye anaandika. Siku ya tatu nikamwambia ukweli.

"Nilijua, wifi," akasema. "Siku ile ya Pasaka niliiona orodha." Kisha akauliza, "Huyu mwenye kofia ni nani?"

Majina mia nne hatujayapata, hasa ya wachuma chai wa Bulwa. Baba alinitajia mimi peke yangu, nami nimeyasahau. Nakutumia sidii yenye picha na orodha mpya; tafadhali niandikie kama kuna unaowakumbuka, kisha uitunze hukohuko.

Juu ya orodha Secilia ameandika jina langu tu. Lake hakuliweka. Afadhali angeliweka, ningepata cha kumlaumu.

Nisalimie mkeo, wifi Sesi, na wanao. Mama na Yohane wanakusalimu. Mungu akulinde na akupe pumzi njema.

Mdogo wako akupendaye,
Yunis