Ploti Tuliyoinunua Wakati wa Kiangazi

Mama Wambui, mke wangu,

Bado niko Makongeni, katika chumba kile tulichofikia tulipofukuzwa Bonde la Ufa, tukasema tutakaa miezi miwili tu. Tangu asubuhi mawingu yameziba upande wa Murera, anakoishi Wambui.

Unakumbuka ile Machi uliyotaka kupanda mahindi kwenye vumbi tupu? Nilikueleza kwamba jua likisimama juu ya ikweta, nchi hupata moto, hewa hupaa, na pepo za kaskazini na kusini hukutana zikiwa zimebeba mvuke wa bahari. Ulicheka ukaegemea jembe.

"Mwalimu, na hilo jua limesoma kitabu chako?"

"Limesoma."

"Basi shika mbegu, usinicheleweshe."

Mvua ilikuja. Ilikuja miaka mingi, nami nikajiona mjuzi.

Ndiyo maana tulipompeleka binti yetu kuangalia ploti ya Murera, mwezi wa Januari, sikukusikiliza. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka, mkono unaingia kwenye nyufa. Uling'oa nyasi ndefu, ukanusa mizizi. "Baba Wambui, hapa maji hulala."

Dalali akakujibu kama bibi yake, "Shosho, maji yatoke wapi na jua hili?" Nikacheka pamoja naye, tukainunua, na Wambui akajenga.

Yangetoka kwa jua hilo hilo. Nilijua, nimefundisha hayo maisha yangu yote. Jua ndilo huinua maji baharini. Sasa moshi wa viwanda na magari yetu unazuia joto lisiondoke, bahari imepata moto zaidi, hewa inabeba maji mengi kuliko zamani, na ikiyaachilia, huyamwaga kwa pamoja.

Jana Wambui alinipigia simu. Maji yamefika kwenye ngazi ya mlango.

"Utahama?" nikamuuliza.

"Nihame niende wapi, Baba? Si wewe ulisema hapa hakuna shida? Tunangoja yapungue."

Anangoja kwa sababu ya neno langu, na wajukuu wetu wamo ndani. Nikanyamaza. Niliogopa kumwambia nilikosea, kwa kuwa najua kupoteza nyumba ni nini. Leo naogopa zaidi kile kimya.

Sitapiga simu. Nimevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, naenda mwenyewe kuwatoa. Nitamwambia mlangoni kwamba mama yake aliikataa ploti hii, na mimi ndiye niliyemponza. Akinikasirikia, na anikasirikie akiwa hapa, pakavu.

Pumzika wewe huko kaburini. Mimi bado siwezi.

Mumeo,
Baba Wambui